Upele wa Birika

Usituhukumu kabla hujaliona Birika. Wengi hufanya hivyo. Wakisikia kwamba watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu na magoti mabovu, walinuna kwa sababu ya rangi ya birika la saruji, wanatikisa kichwa, wanasema hawa hawana shughuli. Sawa. Waje kwanza.

Ile bustani inaitwa Jiko la Majitu, na kila kitu ndani yake ni cha jikoni, ila ni cha jikoni kwa mtu anayemeza ng'ombe mzima bila kutafuna. Kuna vikombe vinavyozunguka na watu ndani mpaka watapike. Kuna kijiko cha kubembea, huku mmoja anapanda, kule mwenzake anashuka. Kuna kikaango kilichojaa maji, na vimashua vya kupiga kasia. Na katikati, juu kuliko paa lolote la mtaani kwetu, limesimama Birika. Jekundu, lenye tumbo. Unapanda ngazi ndani ya mkono wake, unafika juu pumzi zimekwisha, halafu unateleza unatokea mdomoni ukipiga kelele. Kila baada ya muda linachemka. Linapiga mluzi, linatoa mvuke, na walio chini wanakimbia, ingawa wote wanajua ni hewa tu.

Tumboni, kushoto kwa mdomo, kuna Kovu. Ni doa jeusi, kubwa kama kitanda cha watu wawili, kana kwamba siku moja jitu lilidondosha birika lake rangi ikabanduka. Aliyelijenga aliliweka makusudi. Kila mtu tunayemjua amepigwa picha ameliegemea Kovu: watoto wa kubebwa, maharusi, marehemu kabla hawajawa marehemu.

Sisi tunaitwa Watu wa Birika. Kwetu huingii kwa kujiandikisha. Unanunua kikombe cha bati chekundu, kipya, unakuja nacho chini ya Birika, na mbele ya wote unakidondosha mpaka kibanduke. Kikibanduka kushoto kwa mkono, umebarikiwa. Kikibanduka kwingine, hilo ndilo jina lako mpaka kaburini. Kuna karani mmoja wa benki, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, chake kilibanduka chini kabisa, pale kinapokalia. Tunamwita Makalio. Siku hizi hata mkewe anamwita hivyo, anasema limeshamzoea mdomoni.

Mwenyekiti wetu ni Sufuria, mwalimu mstaafu wa hesabu, kichwa chake hakina unywele hata wa dawa, na kila anapofungua mdomo anaanza na "kwanza kabisa" na hafiki kwenye pili. Halafu kuna Kijiko, mwenye saluni, tuliyempa jina hilo kwa sababu hawezi kukiona kitu kimetulia asikikoroge.

Na alikuwapo Kifuniko.

Siku yake ya kuingia, alidondosha kikombe kikagonga sakafu, kikaruka, kikabingirika mpaka mguuni kwa Sufuria. Hakikubanduka hata chembe. Akakiokota, akadondosha tena. Wapi. Watu wakaanza kuguna. Basi akakiinamia kwa adabu kama mtu anayesalimia wakwe, akakibusu, akakibandua kwa meno. Tulicheka mpaka walinzi wakaja kuuliza nani kaumia. Haukupita muda tukamwita Kifuniko, kwa kuwa mjadala wowote ukipamba moto kwenye kundi letu la simu, yeye ndiye aliyekuja kuufunika kwa neno moja. Watu walikuwa wanabishana mchana kutwa, halafu mtu anasema, "Ngojeni Kifuniko atoke kazini." Tukawa tunangoja kweli.

Kitu ambacho hatukukijua ni kazi gani hiyo aliyokuwa anatoka.

Kwa kawaida aliandika mabango ya maduka, hilo tulilijua. Lakini meneja wa Jiko la Majitu alipita siku moja akaona bango lake la duka la viatu, akasimama, akauliza ni nani kalichora. Wiki hiyo hiyo wakakubaliana. Atapamba Birika lote, maua kutoka chini mpaka juu. Siku ya kufunua turubai, wapenzi wa Birika wakiyapokea maua, yeye anakuwa mchoraji wa bustani wa kudumu, na anapewa chumba nyuma ya kikaango, kwenye nyumba za wafanyakazi. Wasipoyapokea, asante kwa kazi, kila mtu na njia yake.

"Na usimwambie mtu," meneja alimwambia. "Wale watu wa vikombe ni wendawazimu. Wakikujua watakuja na vijiko mpaka kitandani kwako."

"Nawasikia tu, bosi," akasema Kifuniko.

Haya yote, pamoja na ya nyumbani kwake, tumeyapata kwa wifi yake, anayesukwa nywele kwa Kijiko. Kifuniko alikuwa akiishi kwa kaka yake, na alikuwa analala sebuleni kwenye kochi. Watu wakikesha kuangalia mpira, na yeye anakesha. Wifi mtu alikuwa na tabia ya kuamka mapema na kikombe chake cha chai, anakuja anakaa kwenye kochi lile lile, juu ya miguu ya mwenzake.

"Aa, samahani wifi, nilidhani ni mto."

"Hamna shida wifi, hata mimi kuna siku nadhani ni mto."

Kwa hiyo kile chumba usikione kidogo. Meneja alimtangulizia ufunguo, kama kumtia moyo, naye akaenda akakiona. Kina dirisha. Kina bomba ndani. Mlango wake unafungwa na komeo kwa ndani, na wifi anasema hilo komeo ndilo alilolirudia kulisimulia, mpaka wakamchoka. Anasema Kifuniko alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, kisha akakaa sakafuni peke yake, bila mtu wa kumchekesha.

Sasa upande wetu. Bustani ilipotangaza kwamba Birika litapambwa, kundi liliwaka. Turubai lilishafunika kila kitu kuanzia kifuniko hadi kitako, na sisi hatukuwa tumeulizwa.

"Kwanza kabisa," akasema Sufuria, ujumbe wa sauti mrefu kama kipindi cha asubuhi, "birika la jitu halihitaji urembo. Jitu linakunywa chai. Haliendi harusini."

"Mimi nywele za mtu sizigusi kabla sijamwuliza," akasema Kijiko. "Birika wamelipaka rangi likiwa limelala!"

"Na Kovu je? Wamelifuta?"

"Wakigusa Kovu nalala pale chini, wanipake na mimi."

Makalio akajaribu kusema kwamba maua kidogo hayamdhuru mtu, na kwamba hata jitu huenda lina mke. Tukamwambia yeye na kikombe chake wakae kimya.

Hatukujua kwamba kila neno lilikuwa linanguruma kwenye mfuko wa ovaroli, ndani ya turubai, juu ya ngazi. Kifuniko alikuwa akitusoma kwa mkono mmoja, mkono wa pili una brashi. Na kwa kutusoma alijua atuchoree nini. Meneja alitaka Kovu lipakwe nyekundu lipotee, alilichukia kama mtu anavyochukia doa kwenye shati. Yeye akamgomea, akamwambia bila hilo Birika ni ndoo. Akaliacha kama lilivyo, jeusi, na maua yote akayaotesha kutoka ndani yake.

Lakini maua hayaanzi yakiwa maua. Aliweka kwanza vichipukizi. Vidonge vya waridi, kila kimoja na weupe wake pembeni, vimetapakaa tumboni. Na siku hiyo hiyo, kijana wa mtu fulani akapanda mabegani kwa mwenzake, akakuta turubai lina tundu, akapenyeza simu.

Picha ikafika kwenye kundi mchana. Ilikuwa ngozi nyekundu, na juu yake vipele.

"Hivi ni nini?" akauliza Sufuria, akasahau hata "kwanza kabisa" yake.

"Kifuniko uko wapi?" akaandika Kijiko. "Mama, sema neno, mimi nimeishiwa."

Kifuniko aliporudi nyumbani jioni ile alimsimulia wifi yake, huku anacheka kidogo. Alisema aliangalia ile picha, akaangalia kazi yake mbele yake, na akaona ni kweli, ilikuwa inafanana na ugonjwa wa ngozi kabisa. Utani ukamjia kama chafya. Na wewe jaribu kubana chafya ukiwa juu ya ngazi.

Akaandika: "Hayo si maua jamani. Huo ni upele. Birika linaumwa. Ondoeni vikombe karibu kabla havijaambukizwa."

Halafu, kwa kuwa tayari tulikuwa tumeanguka kwenye viti vyetu, akaongeza: "Anayepita pale ajikune kidogo, kwa heshima ya mgonjwa."

Basi. Kuna mtu alicheka akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Sufuria alisema ilibidi anywe dawa yake ya presha mapema. Kufikia Jumamosi watu walikuwa wanafika getini wanajikuna. Sisi kwanza, halafu watoto wa shule, halafu watu tusiowajua kabisa, mtu na mkewe na mama mkwe wao wamejipanga mbele ya turubai, mikono imeingia kwapani, wanajikuna kwa nidhamu. Wakata tiketi wakajikuna. Mlinzi naye, mtu mzima mwenye sare, alikuwa anakupekua kwa mkono mmoja, kwa mwingine anajikuna mgongo kwa rungu.

Meneja akamwita mchoraji wake.

"Hawa watu wana nini? Mbona wanajikuna?"

"Mbu, bosi."

"Mchana huu?"

"Mbu wa siku hizi hawana adabu."

Meneja akaagiza dawa ya mbu, ikapulizwa bustani nzima. Kifuniko aliposimulia hilo kwa wifi yake walicheka wote wawili mpaka kaka mtu akatoka chumbani. Ila wifi anasema Kifuniko aliacha kucheka mapema kuliko kawaida yake.

Kwa sababu alishaona alichofanya. Alikuwa amekalia kuti kavu, na shoka analo yeye. Akajaribu kurudi nyuma. Akatuandikia: "Lakini jamani, tumhurumie huyo mchoraji. Huenda yakikamilika yakapendeza."

Loo.

"Mtazameni anavyojifanya mstaarabu!" akaandika Kijiko. "Nimekufa, nizikeni na kikombe changu!"

"Huenda yakapendeza!" akasema Sufuria, tukamsikia anakohoa kwa kicheko. "Kifuniko, utaniua mwenzio."

"Sitanii," akaandika. "Huenda ni mtu anayelipenda Birika kama sisi. Nasema kweli."

Ile "nasema kweli" ilituua kabisa. Ikawa ndiyo msemo wa kundi. Mtu akituma picha ya chakula kilichoungua, anaandika chini, chakula kitamu, nasema kweli. Makalio akichelewa mkutano, foleni, nasema kweli. Kadiri alivyotusihi ndivyo tulivyozidi kumwona bingwa. Unajua yule mchekeshaji ambaye hata uso wake haucheki? Tukadhani amefikia daraja hilo. Na yeye, wifi anasema, alipoona kusihi hakusaidii, akaturudishia tulichokitaka. Akaandika kwamba mchoraji huyo inafaa apelekwe kwa daktari wa macho, na daktari mwenyewe apelekwe kwa mganga. Tukashangilia. Mtu akizoea kupigiwa makofi, hata kaburi lake atalichimba kwa mbwembwe.

Ndipo tukapanga siku ya kufunua. Wazo lilikuwa la Kijiko. Tutakaa mbele wote na vikombe vyetu. Turubai likianguka, tutanyamaza. Meneja atamwita mchoraji mbele ya watu, lazima atamwita, mameneja hawawezi kujizuia. Akishasimama pale, tunagonga vikombe kwa vijiko, halafu watu wote, bustani nzima, tunajikuna tukimtazama machoni. Bila kusema neno.

"Na ishara atatoa Kifuniko," akasema Kijiko.

"Sitaweza kuja," akaandika Kifuniko.

"Kwa nini?"

"Nina kazi."

"Kazi gani Jumapili?"

Tukasema anatuandalia kitu.

Jumapili ikafika. Jua kali, viti vya plastiki vimepangwa, familia zimekuja na miavuli. Tuliwaeleza jirani zetu, nao wakawaeleza jirani zao, mpaka hata safu ya nyuma kabisa walijua cha kufanya. Meneja alipanda jukwaani na suti yenye jasho, akaongea kuhusu maendeleo. Kisha akapunga mkono, kamba zikavutwa, turubai likashuka.

Hapa nitasema ukweli kwa sababu hauna hasara tena kwa mtu. Yalikuwa mazuri.

Kovu lilikuwa pale pale, hakuna aliyeligusa. Mashina meusi yalitoka ndani yake kama vile lilikuwa udongo miaka yote hiyo na sisi hatujui. Yalizunguka tumbo, yakapanda kwenye mkono, yakapita nyuma, yakatokea mdomoni. Vile vipele vilikuwa vimefunguka vyote, vikawa maua makubwa meupe na ya manjano, yamegeuza nyuso juu kama watu wanaongoja mluzi.

Watu wakanyamaza. Tulikuwa tumepanga kunyamaza, lakini kimya hiki hakikuwa kile tulichokipanga. Sufuria alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Kovu lipo," akasema polepole. "Wameliacha."

Kijiko alikuwa ameshika kijiko hewani, hakukigonga.

Nyuma ya pazia la jukwaa Kifuniko alikisikia kimya hicho, na aliyesimama karibu naye anasema alifumba macho, mkono uko mfukoni, umeshika ufunguo. Kama dunia ingesimama hapo hapo, angekuwa na chumba.

"Na sasa," meneja akasema, "kutaneni na mikono iliyofanya kazi hii! Karibu mchoraji wetu!"

Akatokea. Ovaroli ina rangi mpaka magotini, kitambaa kichwani. Ilituchukua muda.

"Kifuniko?" akasema Kijiko. Halafu akasimama juu ya kiti. "Ni Kifuniko! Jamani, ni Kifuniko!"

Unaelewa kilichotokea vichwani mwetu? Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Yule aliyeita maua upele ndiye aliyeuchora! Kumbe mchezo mzima ni wake! Amemdanganya meneja, amepanda ngazi wiki zote hizo, amelipaka Birika zima, kusudi tu atuchekeshe! Hakuna mtu duniani aliyewahi kufanya utani mkubwa vile, utani wa ghorofa. Kicheko kikaanzia kwa Kijiko, kikashika safu ya mbele, kikapanda mpaka nyuma. Vikombe vikagongwa. Na watu wote wakaanza kujikuna. Mababu na wajukuu zao. Walijikuna kwapa, shingo, mapaja, wengine wakageuziana migongo wakakunana.

Kifuniko akakimbilia kipaza sauti.

"Jamani, nisikilizeni."

"Nasema kweli!" mtu akapiga kelele, na watu wakadakia. Nasema kweli! Nasema kweli!

"Nisikilizeni tafadhali. Haya maua nimeyachora kwa moyo wangu wote. Kovu nililiacha kwa ajili yenu. Si utani. Jamani, safari hii si utani."

Tulivunjika mbavu. Sufuria alikaa chini kwenye majani, akamshika Makalio mguu, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Kuna mama alimpa mumewe mtoto ili acheke vizuri. Na Kifuniko alipoanza kulia pale mbele, machozi ya kweli, na kamasi, tukainuka wote vitini tukampigia makofi. Tulisema anaigiza kuliko wa kwenye televisheni.

Meneja alikuwa anatabasamu tabasamu la mtu ambaye suruali imechanika na hajui wapi. Kijiko akapanda jukwaani kumsaidia aelewe.

"Bosi, huyu ndiye mwenyewe! Ule upele ni wake! Soma."

Akampa simu. Meneja akasoma taratibu, midomo inatembea. Upele. Birika linaumwa. Ajikune kwa heshima. Daktari wa macho. Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena.

"Mbu," akasema.

"Bosi, naomba nikueleze."

"Nimepuliza dawa bustani nzima."

"Maua ni ya kweli, bosi. Yaangalie. Maneno nilisema, lakini maua ni ya kweli."

"Nipe ufunguo."

Alisema hivyo karibu na kipaza sauti, kwa hiyo wote tulisikia, na tukacheka na hilo pia, tukijua ni sehemu ya mchezo. Kifuniko alipoutoa mfukoni akauweka kwenye kiganja cha meneja, tukapiga makofi tena. Hata hapo Kijiko alikuwa anashangilia. Alipomwona Kifuniko anashuka jukwaani kwa upande wa nyuma ndipo akasema, "He, mbona kama haigizi?" Lakini alikuwa ameshuka tayari, na Birika likaanza kuchemka, likapiga mluzi, tukakimbia kama kawaida.

Maua hayakufutwa. Meneja hapendi kuchekwa ila anapenda watu, na watu walianza kuja kutoka mbali, mabasi kwa mabasi, kujikuna mbele ya Birika na kupigwa picha. Akaajiri mtu mwingine wa kuyatunza. Ndiye anayekaa nyuma ya kikaango. Ni mtu mzuri, mkimya. Hatujampa jina.

Kijiko alikuja kuyajua ya nyumbani Jumanne, wifi alipokuja kusukwa. Aliingia amechangamka, akakaa, akasema hajawahi kuwa na furaha nyumbani kwake kama wiki hii.

"Maana nina sebule yangu tena, Kijiko. Yule wifi yangu amehama."

"Amehamia wapi?" akauliza Kijiko, kitana kinywani.

"Si pale bustanini, walimpa chumba! Mimi Jumapili ile ile asubuhi, alipotoka tu, kochi nikampa dada yangu, akaja kulichukua na mkokoteni. Sikutaka kungoja, watu wanaweza kubadili mawazo. Jioni wifi akarudi, macho mekundu, anasimama mlangoni anasema, 'Wifi, nimefukuzwa.'"

"Ukamwambiaje?"

"Nilicheka! Unamjua alivyo. Kakaye naye akacheka, akamwambia, 'Dada, kwa chumba tu unatuletea mchezo wa kuigiza?' Anasema tena, 'Nimefukuzwa, naomba nilale hata hapa chini.' Watoto wakaanza kujikuna, ndio mchezo wao siku hizi. Tukacheka wote. Nikamwona ametazama pale kochi lilipokuwa, pana alama tu za miguu yake sakafuni. Nikasema leo namfanyia wema, maana kusema kweli sijawahi kumfanyia. Nikampa godoro la watoto, lile la zamani, na mto mpya nilikuwa nimemnunulia. Mto, Kijiko! Tuliucheka sana, mimi na miguu yake. Yeye hakuucheka."

"Halafu?"

"Nikamsindikiza mwenyewe. Godoro kichwani kwangu, yeye amebeba nguo na brashi zake. Nilimshika mkono njia nzima, kitu ambacho hatujawahi kufanya. Anasema, 'Wifi, turudi.' Namwambia, acha woga, chumba cha peke yako kinatisha siku ya kwanza tu. Mlinzi akatufungulia geti la nyuma, akanionyesha njia. Tukafika mlangoni, mlango mzuri wa kijani, nikaweka godoro chini. Nikamwambia, haya mwenye nyumba, fungua tuone hilo komeo lako. Akawa anautazama mlango tu."

Kijiko alikuwa ameshika fungu la nywele, hakulisuka.

"Akafungua?"

"Sikungoja bwana, watoto niliwaacha na baba yao, na baba yao ni mtoto. Nikambusu, nikamwambia ukishapanga vitu vyako utualike, usitutupe. Nilipogeuka kule mbali alikuwa amekaa juu ya godoro. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu," akasema Kijiko. "Inamisha kichwa."